Uzi maalumu: Inna Deriglazova, binti wa Kurchatov aliyekata ukame wa miaka 48 kwenye foili

MwanaUpanga (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Jukwaa hili la michezo ni la Simba na Yanga, na mimi mwenyewe nimo humo kila siku. Leo naomba nafasi nimzungumzie mtu ninayemfuatilia miaka mingi bila kupata wa kuongea naye. Anaitwa Inna Deriglazova, Mrusi, mchezaji wa upanga, upande wa foili (panga za mchezo huu ni aina tatu: foili, epe na seba). Ni bingwa wa Olimpiki wa mchezaji mmoja mmoja, Rio 2016, na bingwa wa Olimpiki wa timu, Tokyo. Bingwa wa dunia mara tatu peke yake: Moscow 2015, Leipzig 2017, Budapest 2019. Kwa timu amechukua dunia 2011, 2016 na 2019. Ongezeni fedha mbili za Olimpiki, moja ya timu London 2012 na moja yake mwenyewe Tokyo. Amekwenda Olimpiki tatu na hakurudi mikono mitupu hata mara moja.

Usiku wa tarehe 10 Agosti 2016 nyumba nzima ilikuwa imelala, mimi nimekaa karibu kabisa na runinga, sauti nimeipunguza. Fainali ya foili ya wanawake, Rio. Upande mmoja Elisa Di Francisca wa Italia, bingwa mtetezi. Upande wa pili huyu Mrusi wa miaka 26, ambaye kwenye nusu fainali alikuwa amemfunga Mrusi mwenzake, Aida Shanaeva, 15–3. Na Shanaeva si mtu wa kuokota, alikuwa bingwa wa dunia wa mwaka 2009. Mimi nikajua fainali nayo itakwisha upesi. Ikawa kinyume. Mchezo wa foili unakwenda hadi pointi 15, lakini safari hii muda ulikwisha kabla ya yeyote kuzifikia. Vipindi vitatu vya dakika tatu tatu vikayeyuka huku wanaviziana kama paka wawili juu ya ukuta. Mwisho ubao ukasoma 12–11. Pointi moja! Nilisimama peke yangu sebuleni nikashika kichwa.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike uzi huu, maana medali mtu yeyote anaweza kuzitafuta mwenyewe.

Di Francisca ni mzaliwa wa Jesi, mji mdogo wa Italia wenye watu kama 40,000. Klabu ya upanga ya mji huo imemtoa Giovanna Trillini, aliyechukua dhahabu ya Olimpiki 1992. Ikamtoa Valentina Vezzali, aliyechukua 2000, 2004 na 2008. Ikamtoa na huyu Di Francisca, 2012. Hesabuni wenyewe: kuanzia 1992 mpaka 2012 zilichezwa Olimpiki sita, na mji mmoja ukachukua dhahabu tano za foili ya wanawake. Mwaka 1996 peke yake ndio ulioponyoka, akauchukua Laura Badea wa Romania.

Deriglazova naye ametoka wapi? Kurchatov, mkoa wa Kursk. Mji huo nao una watu kama 40,000, na ulijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa kinu cha umeme wa nyuklia cha Kursk. Jina lenyewe ni la Igor Kurchatov, yule mwanafizikia aliyesimamia bomu la atomiki la Wasovieti. Hapo ndipo msichana huyu alipofundishwa na kocha Ildar Mavlyutov. Kwa hiyo fainali ile ya Rio, iliyoandikwa Urusi na Italia kwenye ubao, kwangu mimi ilikuwa Kurchatov na Jesi. Miji miwili ambayo ukimtajia mtu wa kawaida hata bara lake atauliza.

Kabla yake, mara ya mwisho mwanamke wa Urusi au wa Muungano wa Kisovieti kuchukua dhahabu ya foili ya Olimpiki peke yake ilikuwa Mexico City 1968, Elena Belova, wakati huo akiitwa Novikova. Kutoka 1968 mpaka 2016 ni miaka 48. Katikati hapo amepita Mwitalia, Mhungari, Mfaransa, Mchina, Mjerumani, Mwitalia tena, Mromania, kisha Waitalia mfululizo. Warusi walikuwa wazuri muda wote huo, timu yao ya wanawake ilibeba dhahabu Beijing 2008, lakini ile ya mtu peke yake iliwakataa.

Na kuna jambo moja linalonigusa kuliko yote. Deriglazova amezaliwa Machi 1990. Mwaka 2009 alijifungua binti, akiwa na miaka 19. Michezo mingi, msichana akizaa katika umri huo watu huanza kumzungumzia kwa kauli ya "alikuwa". Mwaka 2011 tayari alikuwa bingwa wa dunia wa timu, tena Catania, nyumbani kwa Waitalia. Mwaka uliofuata akavaa fedha London.

Swali langu kwenu wakuu: kwa rekodi hii, mbona mtu huyu hajulikani nje ya mchezo wenyewe? Mimi nina jibu langu ila nataka kwanza niwasikie.

Bint wa Kijitonyama

Mkuu ahsante kwa uzi. Mimi si mtu wa upanga kabisa, ila umeandika kwa mapenzi mpaka nimekwenda kutafuta hiyo fainali. Nimeitazama yote. Na nitakujibu swali lako kwa ukweli: hajulikani kwa sababu sisi wengine hatuoni kinachotokea! Wanarukiana, taa mbili zinawaka kwa pamoja, nyekundu na kijani, halafu refa anampa mmoja pointi. Kwa nini huyu na si yule? Wote wamegusana. Kuna wakati ikawaka taa nyeupe na hakuna aliyepewa kitu. Naomba darasa.

MwanaUpanga

Dada, umeligusa jibu langu lenyewe.

Foili ilianza Ufaransa zamani kama upanga wa kujifunzia. Upanga halisi unaua, kwa hiyo walimu walitaka mwanafunzi azoee jambo moja: ukishambuliwa, okoa roho yako kwanza ndipo ujibu. Ukimrukia mtu ambaye tayari upanga wake unakujia, nyote wawili mtakufa, na huo ni ujinga. Ndiyo maana mpaka leo foili ina kanuni ya haki ya shambulizi. Aliyeanza kunyoosha mkono na kusogea mbele ndiye mwenye haki. Mwenzake akitaka haki hiyo ahamie kwake, ni lazima aukinge upanga ule, au amfanye mshambuliaji akose, kisha ndipo ajibu. Taa mbili zikiwaka pamoja, refa anatazama haki ilikuwa ya nani katika sekunde ile.

Taa za rangi zinawaka ukigusa kiwiliwili, yaani kile kizibao cha nyuzi za chuma walichovaa. Ukigusa mkono, paja au sehemu kubwa ya kinyago, inawaka nyeupe, mchezo unasimama, hakuna pointi. Na ncha haiwashi kwa kupapasa tu, ina springi inayotaka msukumo wa gramu 500. Upanga wenyewe hauzidi gramu 500, na urefu wake hauzidi sentimita 110.

Sasa mrudie Deriglazova ukiwa na kanuni hiyo kichwani. Ninavyomwona mimi, ukubwa wake uko kwenye nafasi kati yake na mpinzani. Anakuacha usogee, anarudi, unasogea tena, anarudi tena. Unaamini haki ni yako. Unanyoosha mkono, na ncha yako inapita hewani kwa upana wa kidole tu. Umekosa, haki imekuponyoka, na yeye tayari yuko njiani. Kwa mtu asiyejua inaonekana kama kakimbia kimbia kisha kabahatisha. Kwa anayejua, amekujengea mtego wa hatua tano na wewe ukaingia kwa miguu yako.

Usain Bolt hahitaji mkalimani. Foili inahitaji. Hilo tu ndilo naliona limemfungia huyu dada ndani ya mchezo wake.

Mzee wa Chumbageni

Mwanangu umeandika vizuri, ila niruhusu nikutie breki kidogo. Ukisema bingwa wa kizazi chake nakubali. Wengine humu wakisoma haraka watadhani unasema mkubwa kuliko wote, na hapo hapana. Vezzali ana dhahabu tatu mfululizo za Olimpiki peke yake. Na Belova uliyemtaja ana dhahabu nne za Olimpiki: yake na ya timu 1968, ya timu 1972, ya timu 1976. Tumpe kila mtu kiti chake.

Halafu umeitaja Jesi ukapita, na hapo umeacha utamu. Klabu ile ilianzishwa baada ya Vita Kuu ya Pili na mtu anaitwa Ezio Triccoli. Unajua alijifunzia wapi upanga? Alikuwa mfungwa wa vita mikononi mwa Waingereza, katika kambi ya Zonderwater, Afrika Kusini. Kambi ile ilijaa Waitalia waliotekwa kwenye vita vya Afrika. Triccoli akajifunzia upanga humo, akarudi kwao, akafundisha watoto wa mji. Kwa hiyo dhahabu zote hizo tano ulizozihesabu mbegu yake ilitoka huku kwetu, kusini mwa bara hili, nyuma ya seng'enge.

MwanaUpanga

Shikamoo mzee. Hili la Zonderwater nalikiri nililisahau, na linafaa kuwa juu kabisa ya uzi. Na mizani yako naikubali, Vezzali ni Vezzali.

Ila mzee, kwa kuwa umeirudisha Jesi, ngoja niunganishe. Stefano Cerioni unamkumbuka? Bingwa wa foili Seoul 1988, naye ni zao la Jesi hiyohiyo. London 2012 yeye ndiye aliyekuwa kocha mkuu wa foili ya Italia. Wanawake wake wakafagia jukwaa zima: Di Francisca dhahabu, Arianna Errigo fedha, Vezzali shaba. Kwenye timu wakawafunga Warusi fainali, na katika Warusi wale alikuwepo Deriglazova wa miaka 22. Baada ya michezo ile Cerioni akaondoka Italia, akaenda kuifundisha timu ya foili ya Urusi.

Tafakarini hapo. Mtu aliyepanga kipigo chake ndiye aliyekuja kukaa upande wake. Mavlyutov alimjengea msingi kule Kurchatov, kisha akaja mtu aliyekuwa anazijua siri zote za Jesi, anajua Waitalia wanaanzia wapi na wanachoka lini. Matokeo yakaanza kugeuka. Mwaka 2015 Moscow anachukua dunia, na aliyekutana naye fainali ni Shanaeva. Aprili 2016 wanawafunga Italia fainali ya dunia ya timu, na siku hiyo ndipo Vezzali aliposhusha upanga na kustaafu. Agosti anamfunga Di Francisca. Mwaka 2017 Leipzig anamfunga Alice Volpi, Mwitalia mwingine. Mwaka 2019 Budapest Italia tena, fainali ya timu, wakapigwa tena. Jamaa wa Italia walipata tabu sana miaka ile.

Kuna jambo watu hawalijui kuhusu Rio. Kwa nini mashindano ya dunia ya timu yalichezwa mwaka wa Olimpiki? Zamani kila Olimpiki ilikuwa inaacha mashindano mawili ya timu kwa zamu, na zamu ya Rio iliwaangukia foili ya wanawake na seba ya wanaume. Wakachezewa fainali yao ya dunia huko huko Rio miezi michache kabla. Kwa hiyo timu ya Deriglazova, ikiwa bora duniani mwaka ule, haikupata hata nafasi ya kugombea dhahabu ya Olimpiki. Ilibidi wasubiri Tokyo, ambako kwa mara ya kwanza mashindano yote 12 yaliwekwa.

Daktari Mtarajiwa

Wakuu, nimeuona uzi huu nikaacha chakula. Mimi nimesoma udaktari Kursk! Chuo kikuu cha udaktari pale kina wageni wengi sana, Waafrika tumo. Kurchatov iko magharibi ya Kursk, mwendo mfupi tu kwa gari.

Mleta mada anauliza kuhusu umaarufu. Umaarufu wake pale si wa mabango na matangazo kama wa wanasoka. Ni wa watu wa nyumbani. Wenyewe foili wanaiita rapira. Kuna dereva mmoja wa teksi, mzee, alinipakia usiku wa baridi kali. Akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Tanzania, akasema hajafika. Nikamuuliza kwa Kirusi changu cha kuungaunga, mkoa huu una nini cha kujivunia? Mimi nilidhani ataanza na vita vya vifaru vya 1943, maana huko Kursk kila kona ni kumbukumbu ya vita hivyo. Akataja vita, kisha akanyoosha kidole kama ameshika upanga na kusema, "Rapira. Inna." Jina la ukoo hakulitaja kabisa. Alimtaja kama mtu anavyomtaja binti wa jirani.

Nilikuwa sijui lolote, nikaenda kusoma usiku uleule. Kwa hiyo mkuu, kuna mahali anajulikana vizuri.

Bint wa Kijitonyama

Daktari, hapo nimeguswa. Swali lingine kwa mleta mada: ile Tokyo ilikuwaje? Nimeona mahali wameandika "alipoteza". Na mbona haikuandikwa Urusi?

MwanaUpanga

Tokyo ilikuwa wiki moja yenye uchungu na furaha ndani yake.

Kwanza jina. Kwa adhabu ya kesi ile ya dawa za kusisimua misuli, Warusi hawakuruhusiwa bendera wala wimbo wa taifa. Wakacheza kwa jina la kamati yao ya Olimpiki, na akishinda mtu ulipigwa muziki wa piano wa Tchaikovsky. Ukumbi ulikuwa Makuhari Messe, nje kidogo ya Tokyo, na kwa ajili ya korona hakukuwa na watazamaji. Ulikuwa unasikia viatu vikikwaruza ulingo na wachezaji wakipiga kelele, basi.

Tarehe 25 Julai 2021, fainali ya mmoja mmoja, akakutana na Lee Kiefer wa Marekani. Kiefer alikuwa mwanafunzi wa udaktari Kentucky, mfupi, mwepesi kama swala. Huyu alikuwa mtu wa aina nyingine kabisa na Di Francisca. Mtego wa kurudi nyuma unamnasa mtu anayekuja kwa hatua ndefu. Kiefer anakuja kwa hatua fupi fupi za haraka, na ukirudi nyuma yeye hanyooshi mkono mapema, anaendelea kuja tu mpaka ulingo unakuishia. Ulingo una mita 14 tu, dada. Deriglazova akapigana mpaka mwisho, ikawa 15–13. Marekani ikapata dhahabu yake ya kwanza ya foili ya mmoja mmoja katika historia. Na ili msidhani ilikuwa bahati, Kiefer alirudia Paris 2024.

Mimi sikulala vizuri siku ile. Nilikuwa nimeshapanga kichwani kwamba atakuwa wa kwanza baada ya Vezzali kutetea dhahabu yake.

Siku nne baadaye, timu. Yeye, Larisa Korobeynikova aliyekuwa amechukua shaba ya mmoja mmoja, Marta Martyanova na Adelina Zagidullina. Fainali na Ufaransa. Mchezo wa timu ni mizunguko tisa, kila mtu anakutana na watatu wa upande wa pili, na pointi zinaendelea kujumlishwa hadi 45. Wakamaliza 45–34. Kile alichonyimwa Rio kwa sababu ya zamu, akakipata miaka mitano baadaye.

"Alipoteza" ni neno kubwa kwa mtu aliyetoka na dhahabu na fedha ndani ya wiki moja.

Nyali Kwetu

Salaam kutoka Mombasa. Uzi mzuri, lakini wenzangu, mwamtaja Deriglazova usiku ule wa Rio na hammtaji aliyesimama pembeni yake jukwaani! Shaba ya usiku ule ilikwenda kwa Ines Boubakri wa Tunisia. Alimfunga Shanaeva 15–11. Mwanamke wa kwanza wa Afrika kupata medali ya Olimpiki ya upanga. Akaitoa zawadi kwa wanawake wa Tunisia na wa Kiarabu. Mimi nililia, sioni haya kusema. Kabla yake alikuwepo Alaaeldin Abouelkassem wa Misri, fedha ya foili ya wanaume London 2012, huyo ndiye Mwafrika wa kwanza kabisa.

Na sisi Kenya tunaye Alexandra Ndolo. Baba yake Mkenya. Alikuwa anachezea Ujerumani, akachukua fedha ya dunia ya epe kule Cairo 2022, kisha akahamia kwetu na kuwa mchezaji wa kwanza wa upanga kuiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki, Paris 2024. Epe si foili, najua, lakini upanga ni upanga.

Sasa la pili, na hili nalisema kwa heshima. Kumsifu mchezaji wa Urusi leo si kama kumsifu mwaka 2016. Tangu vita vya Ukraine shirikisho la upanga la dunia liliwafungia Machi 2022. Walipoanza kurudi kama wasio na bendera, ikatokea ile ya Milan 2023: Olga Kharlan wa Ukraine akamfunga Mrusi kwenye seba, akakataa kumpa mkono, akanyoosha upanga badala yake, akatolewa mashindanoni. Dunia nzima ikazungumza. Mchezo wa upanga haujawahi kuzungumzwa vile, na haikuwa kwa ajili ya upanga. Nadhani hilo nalo limefunika jina la huyu dada.

MwanaUpanga

Nyali Kwetu, ahsante sana, na samahani kwa Boubakri. Ilikuwa kosa langu. Nitaongeza hapo juu.

Kwenye la vita sina ubishi nawe. Yule Kharlan alipoteza kaka na marafiki wa nchi yake vitani, anaamka na hilo kila siku, mimi sina mdomo wa kumwambia ampe nani mkono. Kamati ya Olimpiki yenyewe ilimhakikishia nafasi ya Paris baadaye, na akaitendea haki, shaba yake na dhahabu ya timu. Ninachoweza kusema ni kwamba ukurasa wa Deriglazova ulioandikwa 2011 hadi 2021 upo, na sioni ubaya kuusoma kama ulivyo. Paris Warusi hawakuwepo kwenye ulingo wa upanga, na yeye hatukumwona tena pale. Di Francisca kastaafu, Vezzali kastaafu, Cerioni karudi Italia baada ya Tokyo. Kizazi kile kimekwisha.

Mzee wa Chumbageni

Mwanangu, ungeandika "watu wa nchi yake", maana hatujui ya familia ya mtu. Mengine nakuunga mkono.

MwanaUpanga

Umesema kweli mzee, nimeandika kwa hisia. Nilimaanisha watu wa nchi yake. Ahsante kwa kunisahihisha.

Daktari Mtarajiwa

Niongeze moja kuhusu kulea. Mkuu umeandika kwamba alijifungua akiwa na miaka 19 akarudi. Kama mtu wa tiba, nawaambia foili si mchezo wa kurudia kirahisi baada ya uzazi. Pozi lile la kukunja magoti muda wote, kurusha mguu mbele na kurudi, linakaa lote kwenye nyonga, kiuno na misuli ya tumbo, sehemu hasa ambazo ujauzito unazilegeza. Kupata tena kasi ya mguu wa nyuma pekee ni kazi ya miezi mingi. Kutoka uzazi 2009 hadi ubingwa wa dunia wa timu 2011, hapo katikati kuna mazoezi ambayo hakuna kamera iliyoyaona.

Bint wa Kijitonyama

Daktari umenisemea. Mimi nimezaa, naelewa.

Mkuu MwanaUpanga, nakupa mrejesho. Jana nimeirudia fainali ya Rio na mwanangu wa miaka tisa. Safari hii nimefuata ulivyosema. Nimeufunika ubao wa pointi kwa kiganja, nikatazama miguu tu na ile nafasi kati yao. Nikaanza kuona. Si yote, lakini kuna mara tatu au nne nilijua kabla ya taa kuwaka kwamba Di Francisca kaingia. Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Mwanangu akaniuliza, "Mama, huyu mbona anarudi nyuma kila saa, anaogopa?"

Nikamwambia, "Ngoja."